Malalamiko Kuhusu Sauti ya Mama Kusikilizwa na Kambi Nzima

Kambi ya Mtaro wa Maji,
Vihingo, Kisarawe.

Kwa Mtengenezaji wa Programu,
Mlandizi, Kibaha.

Mwanangu Recho,

Marahaba. Nimeitikia kabisa, maana najua ungeniamkia. Mimi ni baba yako mdogo, lakini malalamiko haya yapokee kikazi. Barua anakuletea Omary, dereva wa lori la mchanga. Sikuipitisha kwenye programu yako, kwa sababu utakazozisoma.

Ulinieleza kuwa ni zoezi la chuo: umechukua mfano mtandaoni, ukaujenga, ukapata programu mbili. Moja, mtoa huduma, inakaa kwenye kompyuta yako na kutunza mafaili. Nyingine, mteja, inakaa kwenye simu yangu na kuyaomba. Mke wangu Laurensia akienda gulioni Kasulu, anakutumia sauti ya mama aliyoirekodi nyumbani. Wewe unaiweka, mimi naichukua. Nilikubali kwa kuwa kijijini kwetu simu haishiki, na huu ni mwaka wa pili sijamwona mama. Sasa nalalamika.

1. Nchi nzima tumezoea kuambiwa mteja hapatikani. Kwako mteja anapatikana, amesimama juu ya kichuguu na simu ameiinua. Mtoa huduma ndiye hapatikani. Nilipouliza ukajibu, "Baba mdogo, nilikuwa darasani, nilifunga kompyuta." Naomba uchague, chuo au kompyuta.

2. Programu haijui hodi. Anayeomba faili haulizwi ni nani, wala mtoto wa nani. Siku simu yangu ilipokosa chaji nilimwekea Kondo, mwenzangu wa mtaroni, programu ya mteja kwenye simu yake, Kondo akawagawia wengine. Mtoa huduma wako akawapa wote, sawasawa na mimi niliyemnyonya yule mama.

3. Mwezi uliopita mama alisema, "Ponsiano mwanangu, ule upele wa makalioni upake mawese." Hayo ni maneno ya mama na mwanawe. Kesho yake msimamizi, Bwana Abdulwahab, mtu mzima na heshima zake, akaita majina mtaroni: "Mawese yupo?" Nikaitika, kwa sababu asiyeitika anaandikwa mtoro.

4. Sasa wamezidi. Siku ya gulio majembe yanalala mpaka faili lifike. Mpishi wetu, Mwanahalima, anapika kisamvu kwa maelekezo ya mama. Kondo, aliyefiwa na mama yake angali mdogo, amemrekodia mama yangu kikohozi chake, na wewe ukakubali kumtumia Laurensia amsikilizishe! Nikiwauliza huyu ni mama wa nani, wananijibu, "Mawese, acha uchoyo."

5. Kwa hiyo nadai nywila, ndefu, niijue mimi peke yangu. Ikishindikana, zima huduma kabisa. Heri nimkose mama kuliko kumgawa kama maji ya bomba, ambayo nayo bado hayajafika.

Nisalimie mama mwenye nyumba wako, wapangaji wenzako, walimu wa chuo, na hiyo kompyuta pia ikiwa iko macho.

Ni mimi baba yako mdogo, mwenye haki na upele,
Ponsiano (si Mawese).

N.B. Omary amechelewa kuondoka, na faili jipya limeingia nikiwa naikunja barua. Nimelisikiliza peke yangu nyuma ya lori, kama ninavyodai hapo juu. Mama ameanza na Kondo: "Baba, kikohozi kimekuachia?" Akaja Mwanahalima, chumvi ipungue. Akaja msimamizi, apewe pole ya kazi. Mimi nimekuja mwisho: "Ponsiano, siku hizi nalala usingizi. Nimejua huko kambini hupo peke yako."

Kondo yuko chini mtaroni, anakohoa, hajasikia bado. Nimemwita apande.

Nywila usiweke. Kompyuta usiifunge. Ila lile faili la mawese lifute. Mawese yenyewe yamesaidia.