Jeki Iliyoingia Saluni

Mzee tunayemwita Gazeti hakusalimia. Alikuja na redio kwapani, akaizima, akaketi katikati ya benchi langu la kahawa kama hakimu, akangoja aulizwe. Hatukumuuliza. Karani mstaafu ukimuuliza mapema huongeza chumvi, kwa hiyo nilimmiminia kahawa yake nikanyamaza.

"Haya, kaeni hivyo hivyo," akasema. "Mji mzima unajua, nyinyi mnapuliza vikombe."

"Unajua nini?" akauliza Mama Pindo, fundi wetu wa cherehani, bila kuinua macho kutoka kwenye suruali aliyokuwa akiifumua.

"Jana jioni, pale kwenye mzunguko wa barabara, sanduku la vifaa limechomoka kwenye tela. Tela inaendelea na safari zake, sanduku limebaki kusalimiana na watu. Mnyororo huku, spana kule. Jeki ikabingirika mpaka ndani ya saluni, ikasimama chini ya kiti. Mteja alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kwenda kuoshwa nywele!"

"Jeki nayo ilitaka kusukwa," akasema Cheche, fundi wa kuchomelea, akacheka mpaka akakohoa. "Huyo fundi kalifunga kwa mate! Mimi nikifunga kitu, hata mwenye nacho hakifungui."

"Hilo ni kweli," Mama Pindo akasema. "Dirisha langu, mwaka wa pili sasa, nalitazama tu."

"Watu wanaacha kazi zao za kuuza maji wanajiita mafundi," Cheche akaendelea. "Angekuwa mwanangu, ningemnyang'anya nyundo."

"Ngoja, hujasikia utamu," Gazeti akasema, akanywa kwanza. "Mfuniko wa sanduku una namba ya simu. Kubwa, kwa rangi nyekundu. Mtangazaji wa redio kaisoma yote, tena mara mbili."

Mama Pindo akageuka kulitazama dirisha lake. Mimi nikatazama mguu wa meza yangu. Aliyekaa mwisho wa benchi akapanua magoti, akachungulia katikati yake. Kote kulikuwa na namba ile ile nyekundu, na chini yake: KAZI IMARA PIGA HAPA.

"Namba nyekundu ziko nyingi duniani," Cheche akasema.

Simu yake ikaanza kulia mfukoni.

"Pokea, baba," Mama Pindo akamwambia kwa upole mwingi. "Huenda ni saluni."

Hakupokea. Aliiziba simu kwa kiganja, kikombe kikainama mkono wa pili. Nikakichukua kabla hakijammwagikia, nikajifanya namwongezea kahawa.

Hapo ndipo pikapu ilipokuja, ikivuta tela. Aliyeiendesha tunamwita Taratibu, kwa sababu hata kivuli chake humpita. Akashuka akiwa amelibeba lile sanduku mikononi kama mtoto aliyelala, akaliweka chini mbele yetu. Lilikuwa limechanika mgongo.

"Shikamoo, Bibi," akaniambia.

"Marahaba, mwanangu. Umeumia?"

"Hakuna aliyeumia. Ila Mwenye Tela anakuja hapa saa tisa. Akikuta sanduku halijafungwa likafungika, nimwachie funguo. Kazi basi."

"Na umemwambia ni kazi ya nani?" Gazeti akauliza, na macho yake yako kwa Cheche.

"Namba ipo kwenye mfuniko, anajua kusoma. Nimemwambia fundi alifanya vizuri, mimi ndiye niliyelijaza kupita kiasi."

"Ulilijaza nini?"

Taratibu akajikuna shingo. "Jeki. Na mnyororo. Na spana tatu."

Cheche akainamisha kichwa. Nilimhurumia.

"Mimi nimeshajua," Gazeti akatangaza. "Ni bolti. Bolti za siku hizi ni za unga. Ziundiwe tume."

Cheche akaruka, akaenda kuchungulia ubavuni mwa tela. "Njoo uone! Bolti zangu nne hizi hapa! Nimetoboa ubavu wa fremu, katikati, sikugusa ukingo wa juu wala wa chini. Nyaya za taa nilizisogeza. Nati mbili mbili!"

"Hongera," Gazeti akamjibu. "Bolti zimefika salama. Tatizo ni abiria wao."

Watu wakacheka, lakini Mama Pindo hakucheka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, anapitisha kidole kwenye pembe ya chini. Bati pale lilikuwa jembamba kama karatasi, linang'aa, na pembeni lina weusi wa mpira.

"Hapa pamesuguliwa," akasema. "Hii ni suruali ya mtu mnene, kwenye mapaja. Cheche, sanduku hili lilikaa wapi?"

"Chini ya sakafu ya tela, mbele ya tairi. Pembe yake ya nyuma ilipita juu ya tairi kidogo. Lakini niliacha vidole vitatu."

"Tela ikiwa na mzigo?"

"Tupu! Nani anafunga sanduku kwenye tela yenye mzigo?"

Mama Pindo akaketi juu ya visigino vyake. "Mimi sijawahi kupima suruali ya mtu bila kumwambia akae. Akisimama, kila kitu kinamtosha. Akikaa ndipo mshono unasema ukweli. Na tela ikibeba, si inakaa?"

Cheche akalitazama tairi. Akatazama springi. Akalitazama tena tairi.

"Inakaa," akasema polepole. "Fremu inashuka, sanduku linalikalia tairi. Likasagwa na kusukumwa njia nzima mpaka likachanika mgongo."

"Ndicho nilichokuwa nakisema," Gazeti akasema.

"Ulisema bolti za unga."

"Nilikuwa napitia huko kufika huku."

Cheche hakungoja mwisho wa mabishano. Alilichukua sanduku akaliziba kwa bati nene, akalichomelea likiwa ardhini, mbali na fremu ya tela. Akalifunga upya kwenye tela, mbele zaidi, mbali kabisa na tairi. Safari hii aliliwekea na vyuma viwili vya kukalia, lisining'inie kwa mgongo peke yake. Taratibu alimshikia kila bolti, na sikumsikia akimlaumu hata mara moja. Kahawa waliyokunywa wawili hao ni ile niliyowapelekea mimi, maana hawakuinuka.

Saa nane na nusu Cheche akajifuta jasho. "Pandeni."

"Nani apande?" Gazeti akauliza.

"Nyote. Nataka mzigo."

"Mimi ni mstaafu, si saruji!"

"Saruji ingekuwa imeshapanda, tena kimya kimya," Mama Pindo akasema, akatangulia.

Taratibu akaweka mawe mbele na nyuma ya matairi, kisha akaniletea stuli. "Bibi, wewe kaa tu."

"Kwani mimi ni manyoya?" nikamwambia. Nikapanda na birika langu.

Tulikuwa tisa, pamoja na wateja wengine wa kahawa. Gazeti alitaka kukaa nyuma kabisa, penye upepo.

"Katikati, mzee!" Taratibu akampigia kelele. "Ukikaa huko utanyanyua pikapu!"

Springi zikalia, tela ikashuka. Cheche akalala kando. Hakuingiza mkono, aliingiza kipande cha ubao kati ya tairi na sanduku.

"Kiganja kizima!" akapaza sauti. "Sasa rukeni."

"Turuke?"

"Kwani barabara zenu hazina mashimo?"

Tukaruka. Mimi niliruka kidogo tu, kwa ajili ya birika. Tulikuwa bado tunaruka, Gazeti akilalamikia magoti yake, gari jingine liliposimama nyuma yetu. Mwenye Tela akashuka, akashika kiuno.

"Niliagiza sanduku," akasema. "Nimeletewa harusi."

Akalishika sanduku kwa mikono miwili, akalitikisa. Akaning'inia, miguu ikaacha ardhi. Sanduku halikusema hata neno.

"Safi. Dereva, usinijazie tena kama jana."

Taratibu akafungua mdomo kusema ndiyo, Cheche akamwahi.

"Hakulijaza, mzee. Nilipima tela ikiwa tupu. Kosa ni langu."

"Cheche, acha," Taratibu akanong'ona.

"Nimeacha tangu asubuhi. Imetosha."

Mwenye Tela akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Kwa hiyo dereva kanidanganya, na fundi kaniharibia."

"Ndiyo, mzee."

"Na leo mmepima na mzigo?"

"Mzigo ndio huo," Cheche akasema, akatunyooshea kidole.

Yule bwana akatupitia kwa macho mmoja mmoja, akafika kwa Gazeti, akatulia hapo kidogo. "Unatosha," akasema. Kisha akamgeukia Taratibu. "Kapakie mabati, ghala linafungwa saa kumi na moja. Na ukikosea, niambie umekosea wewe. Ya wengine waache wayaseme wenyewe."

"Sawa, bosi." Taratibu akaanza kuondoa mawe, na alikuwa akitabasamu peke yake.

Gazeti hakukubali kushuka hivi hivi. Akanyoosha koti lake.

"Ijulikane kwamba sisi si mzigo," akasema. "Sisi ni vifaa vya kupimia."

"Vifaa?" Mwenye Tela akauliza. Akainama, akafungua mfuniko wa sanduku, akaushikilia wazi. "Vifaa vyangu vyote vinakaa humu. Karibu."

Gazeti alikuwa wa kwanza kushuka.