Sauti Nzito ya Paka wa Bati

Jumatatu, 3 Machi
Nimenunua albamu tatu. Sahani halisi za santuri, si za kupakua kwenye simu kama watu wasio na subira. Bendi zote tatu hazijulikani na mtu yeyote mtaani, na ndiyo maana nimezichagua. Roki ya gereji: vijana wachache, gitaa linalokoroma, ngoma zinazopigwa kana kwamba zimemkosea mtu, wala hakuna kampuni kubwa iliyotia mkono. Mke wangu akauliza kama pleya imeharibika. Nikamweleza kwamba huo ndio muziki wenyewe. Akafunga mlango wa jikoni, taratibu, kwa heshima.

Jumamosi mwenye duka la sahani anaitisha kikao. Kila mtu aje na albamu mpya na maoni yake. Atakayezungumza vizuri kuliko wote atapewa nafasi kila wiki kwenye kipindi cha redio. Shemeji, mdogo wake mke wangu, anadhani nafasi ni yake kwa sababu anapiga ngoma kwenye bendi ya harusi. Namwonea huruma.

Jumanne, 4 Machi
Nimeamua. Nitazungumzia Paka wa Bati, moja ya zile bendi tatu. Mwimbaji ni mzee, nadhani wa miaka sabini. Sauti nzito, ya mtu aliyezika marafiki zake wote na sasa anaviimbia viti walivyokalia. Gitaa linajikokota kama mbeba gunia anayepanda ngazi. Nani mwingine angeyasikia haya? Hakuna.

Kazini, huku nachanganya rangi, nilikuwa natafuta sentensi moja kuhusu upweke wa gitaa la besi. Nikaipata. Ila mteja aliyetaka nyeupe ya maziwa amerudi kusema sebule yake sasa ni ya kijani. Bosi akanifokea mbele za watu. Nimemsamehe. Hana sikio.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji alikuja kula. Nikamdokezea kidogo tu: uzee, msiba, viti vitupu. Akaomba asikilize. Nikakataa, aje aniibie maoni? Basi akasema nihakikishe spidi, maana sahani nyingine hutakiwa kuzungushwa haraka zaidi. Anataka kunitia wasiwasi, huyo. Nikamwambia nilikuwa nasikiliza sahani wakati yeye bado ananyonya kidole. Mke wangu akatutuma sote wawili tukaoshe vyombo.

Jumamosi, 8 Machi
Duka lilijaa. Shemeji alitangulia. Akasema albamu yake ina ngoma nzuri na ameipenda, akakaa. Maskini.

Nikasimama. Binti mmoja mwenye sweta la bluu alikuwa ameziba spika. Nikamwomba kwa adabu asogee, watu wasije wakakosa uzito wa sauti. Nikazungumza. Nikamchora yule mzee, makaburi yake, viti vyake. Mama mshonaji aliyekaa mbele akafuta macho kwa kitambaa. Sijawahi kuzungumza vile maishani mwangu.

Ndipo mwenye duka akaweka sahani.

Ikatoka sauti ya msichana. Nyembamba, ya mbio, ikilalamikia baiskeli iliyoibwa.

Mabega ya shemeji yakaanza kutikisika. Mwenye duka akaniuliza nyumbani niliizungusha kwa spidi gani. Nikasema ya kawaida. Akanionyesha karatasi iliyo katikati ya sahani, iliyoandikwa wazi kabisa kwamba hii ni ya spidi ya juu. Watu wakacheka mpaka wengine wakashikilia rafu. Nikatafuta mlango kwa macho. Ulikuwa umezibwa na watu.

Yule binti wa sweta akanyoosha mkono. "Samahani, kaka," akasema. "Huyo mzee ni mimi."

Nilitamani sakafu inimeze pamoja na koti langu jipya.

Lakini yeye hakucheka. Akamgeukia mwenye duka. "Hebu iweke polepole, kama alivyoisikia yeye."

Ikawekwa. Mzee wangu akarudi, na gunia lake, na ngazi zake. Kicheko kikakatika kidogo kidogo, hadi ukasikika wimbo tu. Binti akaziba mdomo. Wimbo ulipokwisha akasema baiskeli ilikuwa ya babu yake, na iliibwa wiki ileile waliyomzika. Hakuwahi kumwambia mtu, hata wenzake wa bendi. "Niliimba haraka ili nisilie," akasema.

Akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikamwomba radhi kwa kumsogeza kwenye spika.

Nafasi akapewa shemeji. Mwenye duka alisema yeye angalau husoma maandishi.

Jumapili, 9 Machi
Familia nzima inasema nilibahatisha. Bahati! Binti ameficha kilio chake ndani ya mbio, nikakitoa mimi peke yangu, bila msaada wa maandishi yoyote. Shemeji amekuja kwa unyenyekevu, akaomba tushirikiane redioni: mimi niseme, yeye aangalie spidi. Nimemwambia nitamfikiria.

Jumatatu, 10 Machi
Nimenunua albamu nyingine. Mke wangu ameniomba safari hii nisome jalada kwanza. Nimemjibu kwamba amechelewa. Maoni yangu nimekwisha kuyaandika, nami sijawahi kuandika kitu kikali namna hii. Sahani yenyewe bado imo ndani ya plastiki yake. Nitaisikiliza nikipata nafasi.