Malalamiko Dhidi ya Baiskeli Iliyomzoea Mke Wangu

Kwa Meneja,
Idara ya Malalamiko ya Wateja,
Kiwanda cha Baiskeli za Umeme.

Ndugu Meneja,

YAH: KUWATAKA MUICHUKUE BAISKELI YENU, AU MNIREJESHEE HESHIMA YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na wote unaofanya nao kazi. Mimi pia ni mzima, ukiacha goti la kushoto, ambalo nitalifikia.

Mimi ni msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Kwa miaka ishirini na miwili nimekaa ghorofa ya tatu, kwenye meza iliyo kati ya dirisha na mtambo wa kukatia karatasi, nikitafuta makosa ya watu wengine. Wenzangu wananiita Bwana Nukta, na sijawahi kulikataa jina hilo. Naeleza haya ili ujue kuwa anayekuandikia ni mtu makini, si mtu wa kukurupuka.

Miezi miwili iliyopita nilinunua baiskeli yenu ya umeme, ile ndogo inayokunjika. Mke wangu, ambaye ni mkunga katika zahanati ya mtaani kwetu, alikubali kwa sharti moja. "Baba Pacha," alisema, "nunua baiskeli. Usinunue duka." Ilipofika niliitoa kwenye boksi, nikaikunjua pale pale sebuleni, nikaizunguka meza ya chakula mara nne bila kugusa kiti. Wiki ya kwanza, nakiri, ilikuwa raha tupu. Nilipanda mlima wa sokoni nimekaa wima kama jaji, sina hata tone la jasho, nawapungia mkono watu nisiowajua. Nikifika kazini nakunja, nabeba, naisukuma chini ya meza. Kama mngeniacha hapo, leo tusingeandikiana.

Hamkuniacha, na malalamiko yangu ni haya:

1. Katalogi. Mlinitumia katalogi ya vifaa vya ziada yenye kurasa arobaini na nane, mkijua au msijue kwamba mimi kitu chochote kilichochapwa hukisoma mpaka mwisho. Ukurasa wa tatu uliniuliza kama najali usalama wangu. Najali. Nikaagiza kofia ngumu, taa tatu na vioo viwili vya pembeni. Ukurasa wa kumi uliniuliza kama mvua itanisubiri nijiandae. Haitanisubiri. Nikaagiza koti la mvua, kioo cha mbele cha kukinga upepo na kishikio cha mwavuli. Kufika mwisho nilikuwa na kikapu cha mbele, mikoba miwili ya nyuma, kishikio cha simu, kishikio cha chupa, honi, tandiko la kuweka juu ya tandiko, na kufuli zito kuliko kitu linachokilinda. Kati ya vile vioo, cha kulia kilinionyesha sikio langu. Cha kushoto kilinionyesha tumbo langu, ambalo sikuwa nimeomba kulijua kwa undani.

Nakubali kwamba katika mwongozo wa matumizi mmeonya mtu asipakie mizigo kupita kiasi. Sentensi hiyo niliisoma. Niliona imekosa mkato, nikauweka kwa kalamu nyekundu, nikafungua ukurasa uliofuata. Hilo nalo nalihesabu kuwa kosa lenu.

2. Kukunja. Tangazo linasema sekunde kumi. Jumatatu moja, mlangoni pa kiwanda chetu, nilitumia dakika thelathini na tano, nikisaidiwa na mlinzi wa getini na mama anayejalidi vitabu. Kikapu kiligoma. Kioo kiliingia kwenye mfuko wa koti langu kikakataa kutoka. Bawaba ilipokubali kufunga, ilifunga pamoja na tai yangu, nami nikabaki nimeinama, shavu juu ya tandiko, siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Wakati huo huo mkurugenzi akashuka ngazi na wageni wake. Alitutazama, mimi na baiskeli. "Bwana Nukta," akauliza kwa upole, "nani kamkunja mwenzake?"

Wageni walicheka. Mlinzi, niliyemdhani rafiki, alicheka mpaka akakaa chini. Mama wa kujalidi ndiye aliyeniokoa, aliikata tai kwa mkasi wake wa kazi akasema, "Pole, kaka. Hata hivyo tai yenyewe ilikuwa haikupendezi."

3. Honi. Ina sauti sita, mojawapo ikiwa ya lori linalorudi nyuma. Niliifunga mahali ambapo goti langu la kushoto huigonga kila pedali inapopanda. Mahali hapo nilipachagua mwenyewe, lakini katalogi haikunikataza. Nilipopita zahanati kumsalimu mke wangu, alitoka nje na glavu zake mkononi. "Baba Pacha, humu ndani kuna mama watatu ndiyo kwanza wamepata usingizi. Unarudisha nini nyuma?" Sikuwa narudisha kitu. Nilikuwa nimemletea maandazi.

4. Mlima. Ni ule ule wa sokoni, niliokuwa naupanda kama jaji. Kwa mizigo ile, mota ilinguruma, ikalalamika, ikanyamaza katikati ya mlima. Nilishuka nikaanza kusukuma. Bibi mmoja aliyekuwa anatoka kununua mboga alisimama, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, unahama?" Nikamwambia hapana, naenda kazini. Akaweka mfuko wake kwenye kikapu changu, akashika keria, akasukuma kwa nyuma mpaka tukafika juu. Nilipomshukuru aliniambia nijitahidi kufanya mazoezi. Goti lilivimba jioni ile ile, na daktari akanipa siku nne za kukaa nyumbani.

5. Mke wangu. Yote yaliyotangulia ningeyavumilia, Ndugu Meneja. Hili ndilo lililonishikisha kalamu.

Alhamisi iliyopita, saa nane mchana, nikiwa bado nauguza goti nyumbani, lori la mbao lilipinduka darajani. Magari yakasimama pande zote mbili, likiwemo la zahanati. Ng'ambo ya daraja kulikuwa na mama kijana mwenye mimba ya kwanza, uchungu umemshika ghafla akiwa nyumbani, na mama mkwe wake alikuwa anapiga simu huku analia. Mke wangu aliingia nyumbani anahema. Hakunisalimu. Aliuliza, "Spana iko wapi?"

Nilimpa. Akapiga magoti sebuleni akaanza kufungua. Kikapu chini. Vioo chini. Kishikio cha mwavuli, honi, kioo cha upepo, vyote chini. Nilijaribu kumweleza kwamba kile kishikio cha chupa hakina madhara yoyote. "Sogea," alisema, bila ukali. Aliacha taa moja na kengele iliyokuja na baiskeli. Akafunga begi lake la kazi kwenye keria, akavaa kofia yangu ngumu, akatoka. Nilimfuata nachechemea mpaka kibarazani nimwambie anipigie simu akifika, lakini alikuwa ameshakata kona.

Nilirudi nikakaa sakafuni katikati ya vifaa vyangu, simu mkononi. Nilikaa hivyo saa nzima na zaidi. Mke wangu amezalisha akina mama wengi kuliko vitabu nilivyosahihisha, na sikuwahi kukaa nikamngojea hivyo. Siku zote nilijua tu kwamba amekwenda kazini. Simu ilipolia niliipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Ni msichana," alisema. "Kamba ya kitovu ilikuwa imemviringa shingoni mara mbili. Alikawia kulia. Lakini amelia, Baba Pacha, amelia." Na yeye mwenyewe alikuwa analia. Kisha akaniambia kwamba pale darajani, kwenye mbao, aliikunja baiskeli akavuka nayo kwapani, na kwamba ni kweli, inachukua sekunde kumi.

Tangu siku hiyo baiskeli haipo nyumbani mchana. Kwake inakunjika, kwake inapanda mlima, kwake inakwenda kimya. Mtaani inaitwa baiskeli ya mkunga. Jana muuza magazeti alinisimamisha akaniuliza, "Samahani mzee, wewe ndiye mume wa ile baiskeli?"

Kutokana na maelezo haya, naomba kwa heshima zote mfanye moja kati ya yafuatayo: muichukue baiskeli yenu, au muirekebishe isimkubali mtu yeyote anayejua kutumia spana, au mnitumie barua yenye muhuri, isiyopungua kurasa mbili, inayothibitisha kwamba mwenye baiskeli ni mimi, niibandike mlangoni pa nyumba kwa nje. Nisipopata jibu katika siku kumi na nne nitachukua hatua zaidi. Hatua zenyewe bado sijazijua, ila nitazichukua nikichechemea.

Nisalimie wote hapo ofisini, mafundi, madereva, na hasa huyo aliyeandika katalogi, ambaye ana kipaji na anapaswa kuangaliwa kwa karibu.

Wenu katika masikitiko,

Msahihishaji, ghorofa ya tatu.

Nyongeza: Nilipofika hapo juu nikagundua kwamba tangu aya ya pili nimeinuka mara tano kwenda dirishani. Alisema angerudi saa kumi, na saa kumi imepita. Sasa hivi nimesikia matairi kibarazani. Ameingia, ananawa mikono, anacheka peke yake kwa habari ambazo bado hajanisimulia. Tafadhali msije kuichukua. Malalamiko namba moja hadi namba tano nayafuta. Naomba mniuzie ya pili, rangi yoyote, kama ilivyo, ili niwe namsindikiza. Kesho asubuhi anakwenda kumwona yule mama na mtoto, na nimemwomba twende wote. Amesema sawa, nitangulie kuondoka kwa miguu, yeye atanikuta njiani.