Ombi la Kuondolewa kwenye Vihatarishi vya Ukutani

Ndugu Mganga Mkuu wa Zahanati Yetu,

Pokea salamu nyingi, na hasira kuzidi salamu.

Siku ya Jumanne mdogo wangu, fundi cherehani, alinileta kwako kupima presha tu. Nesi akanipa kadi ya kupimwa matiti Ijumaa, kisha akanikalisha mbele ya bango la "Vihatarishi vya Saratani ya Matiti". Mimi ni msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Nikiona maandishi nasoma. Nimesoma. Naomba bango lishushwe na jina langu lifutwe kwenye orodha ya Ijumaa, kwa sababu hizi:

1. Mmeanza na "kuwa mwanamke". Sikuomba. Nesi anasema hata wanaume huugua, ila kwa nadra. Basi mume wangu naye apewe kadi, tugawane.

2. "Umri." Nina hamsini na tatu. Juzi nimegombana na keshia aliyeniita bibi. Leo ukuta nao unaniita.

3. "Kuzaa mtoto wa kwanza baada ya miaka thelathini." Mawifi walinisema wee mpaka wakachoka. Nyinyi mmeanza upya, tena kwa picha za rangi!

4. "Unene" na "kutofanya mazoezi". Ndugu, umewahi kumwona mtu anakimbia huku anatafuta nukta iliyopotea?

5. "Pombe." Glasi mbili za Jumamosi, nani kawaambia? Namshuku fundi cherehani.

6. Hili ndilo limenichoma. Majirani waliniapia kuwa simu kwenye sidiria huleta saratani. Nikaihamishia mkobani, nikaibiwa mbili. Sasa nesi anasema hakuna ushahidi wowote!

Kwa ufupi, bango lenu linamfaa kijana wa kiume, mwembamba, asiyekunywa, anayekimbia alfajiri. Mwiteni huyo Ijumaa. Mimi nimeshakuwa vihatarishi sita vinavyotembea kwa miguu miwili.

Nisalimie nesi, mfagizi, na mzee wa getini aliyenionea huruma.

Wako katika ubishi,
Msahihishaji

Tanbihi: Nimeipitia barua hii kwa kalamu nyekundu kama kazi ya mtu mwingine. Hoja zangu karibu zote zinasema nije. Tena, leo asubuhi nikioga, nimegusa titi la kushoto nikakuta kitu kigumu kama punje ya haragwe. Nimekirudia mara tatu, kama neno nisilolijua. Nimempigia nesi simu, amesema vingi vya namna hiyo si saratani, lakini hiki hajui mpaka apime. Ijumaa ni mbali. Nifungulieni kesho.