Kidhibiti Kikubwa Chahamia kwa Mkurugenzi

Natangaza kwa furaha kuu kwamba kiwanda chetu cha sabuni ndicho cha kwanza ulimwenguni ambamo joto linaheshimu vyeo. Mimi, Afisa Itifaki, nilikuwepo.

Mafundi walitufungia vidhibiti viwili. Kikubwa hupima joto la sabuni pipani, kisha hukiamuru kile kidogo: ongeza mvuke, punguza mvuke. Kidogo hufungua na kufunga vali ya mvuke chapuchapu, kabla sabuni haijajua kuna nini. Mpango mzuri. Ila Mkurugenzi alipoona mkubwa na mdogo wametundikwa ukuta mmoja, tena karibu na choo, alishtuka.

"Huyu anatoa amri! Mtoa amri anakaaje na vibarua?"

Kamati ikakaa, ikanywa soda, ikaazimia: kidhibiti kikubwa kihamie ofisini kwa Mkurugenzi, pamoja na kipimajoto chake.

Mwendesha mitambo, tunayemwita Mama Mvuke, akapanda ngazi akihema.

"Bosi, kikitoka pipani kitapima nini?"

"Kitapima mazingira ya uongozi."

"Haya. Mimi na ndoo zangu tupo."

Ofisini kuna kiyoyozi. Kidhibiti kikaona baridi, kikaamuru mvuke. Kikaona bado baridi, kikaamuru zaidi. Kile kidogo, kitiifu kama mkwe mpya, kikafungua vali yote. Sabuni ikachemka, ikafurika, ikatambaa hadi uhasibu, ambako sakafu iling'aa kwa mara ya kwanza. Tuliripoti kwamba uzalishaji umevuka mipaka.

Shida ni kwamba kesho yake alikuwa anakuja Mkaguzi Mkuu kutoka wizarani, na Mkurugenzi alikuwa anakimezea mate kiti cha makao makuu. Sabuni ikifurika mbele ya mgeni, kiti kwaheri.

"Turudishe kipimajoto pipani," Mama Mvuke akasema.

"Cheo hakirudi nyuma!"

"Basi kipimajoto kitumbukize kwenye birika lako la chai. Chai ikiwa moto, kidhibiti kitaridhika. Ikipoa, bosi, kila mtu na roho yake."

Mkaguzi alipoingia, alimkuta Mkurugenzi amelikumbatia birika, amelivika koti lake la suti, jasho linamtiririka. Mimi nilikuwa naleta maji ya moto mbio mbio, kwa mujibu wa itifaki.

"Mbona husimami kunisalimia?"

"Nikisimama, mheshimiwa, chai itapoa."

"Ikipoa?"

"Pipa litachemka, tutaogelea sabuni," akajibu Mama Mvuke.

Mkaguzi akachungulia dirishani. Pipani sabuni ilikuwa imetulia, povu halivuki ukingo. Akatoa leso, akajifuta macho.

"Nimezunguka viwanda vingi. Sijaona kiongozi anayekizuia kiwanda kisichemke kwa kifua chake mwenyewe!"

Mkurugenzi akachanua. "Basi, mheshimiwa, ule uhamisho wangu wa makao makuu..."

"Uhamisho? Tukuhamishe, pipa tumwachie nani? Hutoki hapo! Na likizo nimeifuta."

"Na kile kiti, mheshimiwa?"

Mkaguzi akatazama huku na huku. "Wewe mama, ukiondoka hapa kitaharibika nini?"

"Mimi? Hakuna hata kimoja. Kila kitu kiko kwa bosi."

"Safi. Panda gari, twende makao makuu."

Mkurugenzi alitaka kupinga. Lakini kupinga kunataka kusimama.