Safari ya Lemburis na Punda, Kutoka Kitandani Hadi Benchini

Jumanne, tarehe nane Juni, mwaka elfu moja mia tisa na tisa. Asubuhi ya baridi, Mlima Meru umejifunika ukungu hadi kiunoni, na manyunyu yakidondoka juu ya migomba ya Themi. Jongeeni, enyi watu wa miteremko, ninyi mnaofuga na ninyi mnaolima. Sogezeni vigoda, nyamazisheni watoto, mwombeni Mungu awape uvumilivu, kwa maana leo yanasimuliwa matendo makuu ya Lemburis, simba wa kitanda cha ngozi, ambaye siku hiyo aliondoka nyumbani kwake akaenda kuketi.

Ndiyo, kuketi. Asicheke mtu kabla ya wakati.

Shujaa huyu alikuwa na miaka arobaini na ushei, na rika lake lilikwisha kuiweka mikuki pembeni tangu Wajerumani walipojenga boma. Alipokuwa kijana alimkabili chui kwa rungu, akarudi nyumbani anapiga mluzi. Lakini ukubwani alitamani kusoma neno la Mungu kwa macho yake mwenyewe, akaingia darasa la jioni la misheni, ng'ambo ya mto, na huko ndiko adui alikokuwa akimvizia. Adui hakuwa na meno wala kucha. Alikuwa mstari mmoja wa herufi ubaoni.

Ijumaa iliyotangulia, Mwalimu Kaanaeli, Mmeru mpole aliyelifundisha darasa hilo, alimwomba Lemburis asimame asome. Akasimama. Ndipo, bila baragumu wala tangazo la vita, moyo ukaanza kwenda mbio kama ng'ombe waliovamiwa na nyuki, vidole vikafa ganzi, kuta zikasogea, kifua kikabana, masikio yakajaa mvumo wa maporomoko. Akajua kwa yakini kwamba anakufa. Mwalimu alimshika bega akamwambia jambo kwa upole, mara tatu, kwa Kiswahili cha darasani, lugha ambayo Lemburis alikuwa nayo kwa miezi saba tu. Lakini jemadari hakungoja tafsiri. Aliruka benchi, akaruka wanafunzi wawili, akaukata mto Themi bila kutafuta mawe ya kuvukia, akajitupa kitandani, akageukia ukuta. Hakufa. Hilo nalo lilimwaibisha.

Tangu hapo hakutoka. Na ole wake, Jumanne hiyo jioni ndipo majina ya watakaobatizwa yangeandikwa, na asiyekuwapo angengoja mwaka mzima. Miezi saba alikuwa akiliomba jina lake liandikwe. Sasa kila alipoliwaza lile benchi, kifua kilianza tena. Basi akaomba. Hakuomba maneno marefu. Aliomba mguu mmoja tu: Mungu auteremshe mmoja hadi sakafuni, na ule wa pili atajitahidi mwenyewe.

Mguu ukateremka. Enyi milima, shuhudieni! Wa pili ukafuata baada ya mashauriano marefu.

Mkewe, Namelok, alimletea uji katika kibuyu, naye akaufanyia vita hadi nusu, kisha akatangaza kwamba amekumbuka dawa.

"Mama Sinyati, mwalimu aliniagiza siku ile. Alisema, vuta punda, vuta polepole."

Namelok akamtazama. "Punda?"

"Mara tatu."

"Punda yupi?"

"Hakutaja. Nadhani yeyote."

Sasa ieleweke, ninyi msiotoka kwetu, kwamba kwa Waarusha punda ni jambo la wanawake. Wao humpakia, wao humwongoza, na mwanamume mwenye rika lake akionekana ameshika kamba ya punda, habari zake hutangulia kufika kuliko yeye. Namelok aliyajua hayo. Lakini aliona pia kwamba mtu ambaye siku nne hakutaka hata mlango ufunguliwe, sasa alikuwa akitafuta viatu. Akaenda akamfungua punda wake, akamkabidhi kamba, akasema tu kwamba mnyama huyo hapendi kuharakishwa, kwa hiyo wataelewana.

Ndivyo lilivyoondoka jeshi lile, askari mmoja na kamba moja, baada ya adhuhuri. Kila baada ya hatua kumi punda alisimama kutafakari, na shujaa akasimama naye. Walipofika mtoni, kifua kikaanza vituko vyake. Lemburis akavuta kamba. Punda akainamisha kichwa akanywa maji, bila haraka yoyote duniani. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja, na katika kungoja huko mapafu ya Lemburis, bila kuomba ruhusa ya mtu, yakajaa hewa. Yakatoa, yakajaa tena.

Ng'ambo alikuwa amesimama Kisioki, mtu wa rika lake, aliyetahiriwa naye siku moja. Akauliza kwa sauti ya kusikika hadi bomani kama mwenzake ameolewa, na mume ni nani.

Lemburis akanyoosha mkono kama mtu anayehutubia baraza. "Kisioki, uliyekula nami nyama porini, sikiliza. Nimeugua ugonjwa usio na kidonda. Nimepewa dawa yenye masikio marefu, nami nitaimaliza yote. Nicheke mpaka uchoke. Lakini kwanza njoo usukume huku nyuma, dawa imekwama."

Kisioki alicheka, na huku anacheka akaingia majini, akasukuma.

Walifika jua likiwa linaelekea kuzama. Mwalimu Kaanaeli akatoka mlangoni, akamwamkia, akamtazama punda, akauliza kwa adabu kama kuna mzigo wa kushusha. Lemburis akaeleza kwamba ametii agizo.

Mwalimu akafumba macho kidogo. "Pumzi, Baba Sinyati. Nilisema, vuta pumzi."

Wa kwanza kucheka alikuwa Lemburis mwenyewe. Akacheka mpaka akajishika mbavu na machozi yakamtoka, akagundua kwamba mtu hawezi kucheka hivyo bila kuvuta pumzi nyingi sana.

Halafu akaingia. Akalitazama benchi, nalo likamtazama. Na akaketi.

Andikeni, enyi waandishi wa falme! Kuna waliotwaa miji, wakasimamishiwa minara. Huyu alitwaa shibiri mbili za ubao, akazishikilia. Mwalimu alichukua kalamu, akamuuliza kama yuko tayari kusoma.

"Leo nimekuja kuketi tu, Mwalimu."

"Kuketi kunatosha," akasema Kaanaeli, na akaliandika jina.

Lemburis aliliangalia mpaka wino ukakauka. Kisha akageuka pale pale alipoketi, akawakabili wenzake wote, na Kisioki aliyesimama mlangoni na kamba mkononi, akasema:

"Mbele za Mungu na mbele yenu naahidi. Hali ile itarudi, naijua. Ikirudi, sitakimbia kwenda kuuangalia ukuta. Nitawaambia, 'Imekuja.' Kisha nitakaa hapa hapa, nanyi mtakaa nami, mpaka ipite."