Malalamiko Kuhusu Nyumba Yangu Kugeuzwa Karakana ya Chuo

Nyumba ya bati jekundu,
Nyuma ya Chuo cha Ufundi,
Mwisho wa barabara ya vumbi.

Kwa Mkurugenzi wa Vyuo vya Ufundi,
Makao Makuu.

Ndugu Mkurugenzi,

KUH: OMBI LA CHUO KUJENGEWA KARAKANA ILI NIRUDISHIWE NYUMBA YANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi kwenye kiti ambacho hakuna mtu anayekifungua misumari ukiwa juu yake. Mimi sijambo, ukiondoa hayo nitakayoyaeleza.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni mpiga chapa mstaafu. Maisha yangu yote ya kazi nilikaa na taipureta kwenye baraza ya mahakama nikiwaandikia watu malalamiko yao: ya mipaka, ya mbuzi, ya wakwe. Sikuwahi kuwa na lalamiko langu mwenyewe. Nilidhani ni tabia njema, kumbe zamu yangu ilikuwa haijafika. Nilipostaafu, mimi na mke wangu tulijenga nyumba huku shamba, nyuma ya chuo chako. Watoto wetu wameshaoa na kuolewa, wako mbali. Tulichotaka ni kimya.

Chuo chako ni kizuri ukikitazama ukiwa barabarani. Kina madarasa, kina kengele, kina walimu wenye moyo. Kinachokosekana ni vitu. Darasa la mabomba halina bomba. Darasa la umeme halina umeme, kwa maana nguzo zilifika kwangu zikachoka. Wanafunzi wa uashi wanasomea tofali moja, nalo Mkuu wa Chuo hulitumia kuzuia mlango wa ofisi usijifunge, hivyo hulipata kwa zamu.

Basi asubuhi moja Mwalimu wa Mabomba alipiga hodi. Ni kijana mpole, mwenye shati la pasi na vumbi la chaki hadi kwenye nyusi. Alinieleza kwamba wanafunzi wake wamefika mwaka wa pili na bomba wanalijua kwa kuchorwa ubaoni tu, na kwamba mmoja wao alikuwa ameuliza kama bomba la kweli nalo hufutika. Akaomba waje kulitazama la jikoni kwangu, mara moja tu. Mke wangu akajibu kabla sijafungua kinywa: "Waje, Mwalimu. Macho hayamalizi bomba."

Ndugu Mkurugenzi, yanamaliza. Malalamiko yangu ni haya:

1. MABOMBA. Walikuja darasa zima, wakatazama. Kisha mwalimu akasema kuona si kushika. Wakashika. Akasema kushika si kufungua. Kufikia mchana kila mmoja alikuwa amelifungua na kulifunga, na bomba lililotutii tangu tuhamie likawa kama mtu aliyetoka kuhojiwa kituoni: linatetemeka na kudondosha machozi. Ili kulitibu ikabidi wafuate paipu ukutani, na kutoka ukutani waingie chini ya sakafu, kwa sababu fundi, kwa maelezo ya mwalimu, hutafuta chanzo. Chanzo wanakitafuta hadi leo. Kwa sasa mtu akivuta maji chooni, jikoni panakohoa, na maji ya kuogea yanatokea kwenye sinki la vyombo. Mimi huoga jikoni. Mke wangu hunisihi nisogee kidogo anapotaka kusuuza sufuria.

2. UMEME. Habari njema haina mguu lakini hukimbia. Juma lililofuata alikuja Mwalimu wa Umeme na hoja ambayo hata mahakamani nisingepata wa kuipinga: je, ni haki wa mabomba wafundishwe kwa vitendo na wa umeme wabaki na nadharia? Mke wangu akasema si haki. Wakapanda darini. Waliposhuka, swichi ya sebuleni kwetu ikawa inawasha taa ya jirani yetu muuza nyama, na swichi ya muuza nyama ikawa inawasha yetu. Tumezoea. Nikitaka kusoma gazeti nampigia simu aniwashie, naye akitaka kulala hunipigia nimzimie. Tatizo ni kwamba muuza nyama na mkewe wakigombana, mmoja huwasha na mwingine huzima, na ugomvi wao wote tunausoma kwenye dari yetu. Wakipatana, tunakaa gizani.

Nisiache kusema kwamba mke wangu alijiandikisha katika darasa hili. Aliniambia anakwenda kuwapelekea chai.

3. UASHI. Hapa naomba nafasi zaidi, maana hapa ndipo niliposhikwa pabaya. Mtihani wa mwaka ulimtaka kila mwanafunzi ajenge ukuta. Tofali la chuo ni lile moja. Mkuu wa Chuo alikuja mwenyewe, kofia mkononi, akaonyesha kwa heshima zote kwamba kati ya sebule yangu na chumba changu cha kulala palikuwa na matofali mengi ambayo yamekaa tu. Yakatolewa taratibu, moja moja. Mtahiniwa wa kwanza akajenga ukuta, ukapimwa, ukabomolewa, akaja wa pili. Tulipata ukuta mpya kila asubuhi na kuupoteza kila jioni.

Miongoni mwao alikuwamo binti mmoja mrefu ambaye wenzake humwita Pimamaji, kwa sababu kifaa hicho hakimtoki mkononi, hata anywapo chai hukiweka juu ya meza kwanza aone kama kikombe kimekaa sawa. Binti huyu hupima kila kitu na ukuta wake huinama. Wa kwanza uliinamia sebuleni. Akaambiwa arudie. Wa pili ukainamia chumbani. Katika siku za kungoja marudio hatukuwa na ukuta kabisa, na wageni waliokuja kutusalimu walitukuta kitandani wakaketi pembeni yake, wakitupa pole ya ugonjwa.

Ukuta wa pili ulipoanguka, Pimamaji alijikunja kwenye ngazi za baraza yangu akalia. Nilitoka nikiwa nimekusudia kumwambia kwamba mtu wa kulia ni mimi. Badala yake nikamwambia kuwa mahakamani nimeona watu waliopinda kuliko ukuta ule, na waliachiwa huru. Akacheka kidogo, akajifuta. Kisha akaniomba nimshikie uzi. Nilimshikia uzi mchana kutwa, nikiwa nimechuchumaa kwenye mchanga, nikimwambia kulia kidogo, kushoto kidogo, na alipopasi nilipiga makofi hadi mtahini akaniomba nitulie. Sijui nilipatwa na nini.

Ukuta wa Pimamaji ndio uliobaki. Umenyooka kama rula. Kosa lake ni kwamba umesimama hatua mbili ndani ya chumba chetu. Kwa hiyo mimi na mke wangu tunalala chumbani, na miguu yetu, kupitia tundu waliloliacha kwa huruma, iko sebuleni. Mgeni akifika mapema hutusalimu huko.

4. USHONAJI. Kwa kifupi, sina suruali. Naandika nikiwa nimejifunga shuka.

5. HOTELI NA MAPOKEZI. Siku niliyokwenda kununua karatasi za barua hii nilirudi nikakuta mlangoni pangu kijana mwenye tai ya kipepeo, amesimama nyuma ya meza yetu ya kupigia pasi. "Karibu sana, Mzee," akaniambia. "Uliweka nafasi?"

Nikamweleza kwamba mimi ndiye mwenye nyumba. Akafungua daftari, akapitisha kidole, na kwa masikitiko ambayo naamini yalikuwa ya kweli akasema hakuna mgeni wa jina hilo. Akanipa maji na kiti barazani. Ndani, mke wangu alikuwa mgeni wa mazoezi. Alikuwa anakula kwa kisu na uma na kusifia huduma. Aliponiona dirishani aliwaambia naonekana mtu mstaarabu, na kama pana nafasi wanifikirie. Nikapewa kona karibu na sinki. Sikatai, palitandikwa vizuri, na taulo lilikunjwa likawa bata. Asubuhi waliponiuliza maoni nikasema nimeridhika. Najuta kusema hivyo, maana walinisihi nije tena.

6. UKAGUZI. Hili linakuhusu wewe moja kwa moja. Mkaguzi wako alikuja na gari jeupe kuangalia kama chuo kinastahili kujengewa karakana. Mkuu wa Chuo, kwa aibu ya kumwonyesha chumba kitupu, alimleta kwangu. Mkaguzi alizunguka kila mahali. Alishangilia paipu zilizo wazi, akaziita za kufundishia. Alijaribu swichi, na kwa mbali tukamsikia muuza nyama akishukuru. Kisha akaanza kuorodhesha vifaa: sinki, ngazi, kitanda cha vyumba viwili, kiti. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kiti. Akauliza na huyu je. Mkuu wa Chuo ni mtu asiyejua kusema uongo, akajibu kwamba nilikuwepo tangu mwanzo. Nikaandikwa: "Mzee, mmoja, chakavu, bado anatumika." Wakanipiga namba kwa rangi nyeupe, mgongoni, juu ya shuka.

Tangu hapo siwezi kutoka bila kibali cha kuhamisha mali ya chuo. Binti yetu wa mwisho alipojifungua, mke wangu alikwenda kumwona siku hiyohiyo, mimi nikangoja sahihi ya mtunza stoo, na mtunza stoo alikuwa msibani. Mjukuu wangu nilimwona ameshaota meno.

Lakini hata hilo ningelimeza. Lililonikwama ni taarifa ya mkaguzi, ambayo Mkuu wa Chuo alinisomea kwa sauti ya unyonge. Imesema chuo kina karakana kamili, ya kisasa, yenye mazingira halisi ya nyumbani, na kwa hiyo hakihitaji nyingine. Umeona tulipofika, Ndugu Mkurugenzi. Nilitoa nyumba kwa sababu chuo hakina karakana, na sasa chuo hakipati karakana kwa sababu nilitoa nyumba. Nimepiga chapa kesi nyingi za ajabu lakini sijawahi kuona mtu akijishtaki mwenyewe na kushindwa pande zote mbili.

Nilipomwambia mke wangu kwamba nitakuandikia, hakuinua macho kutoka kwenye soketi aliyokuwa akiifunga. Siku hizi ndiye wa kwanza darasani, na waya huushika menoni kama alivyokuwa akishika pini za nguo. Akasema: "Andika. Ila andika na hili, kwamba tulikuwa na bomba zima na watu wawili wasio na la kuambiana." Nimeandika kwa sababu mpiga chapa mwaminifu huandika kila anachoambiwa. Haimaanishi nimekubali.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo:

(a) Chuo kijengewe karakana yake, yenye mabomba yake, nyaya zake na kuta zake za kuangusha, na vijana hawa wapate nafasi ya kusoma ipasavyo. Wana akili na wana bidii. Ushahidi ni hali ya nyumba yangu.

(b) Ikishindikana, tubadilishane. Vifaa vyote viko kwangu, basi chuo kihamie kwangu, nami nihamie chuoni. Nimekwenda kukagua, kwa kibali. Hakuna bomba la kukohoa, hakuna taa ya kuzimiwa na jirani, na kuta ni za serikali, hivyo hakuna atakayezigusa hata zikianguka.

(c) Hayo yote yakishindikana, basi angalau nipandishwe daraja. Neno "chakavu" lifutwe, liandikwe "aliyetumika kwa uangalifu".

Nisingependa kukuchosha zaidi. Nisalimie wote ofisini: katibu wako, dereva wa gari jeupe, na yule mlinzi wa getini aliyenirudisha mara zote tatu kwa sababu ya shuka. Mwambie sina kinyongo naye, alikuwa kazini. Huku wanakusalimu Mkuu wa Chuo, walimu, muuza nyama na mkewe (leo wamepatana), Pimamaji, na mke wangu, ambaye anauliza kama huko kwenu nyaya ziko salama.

Ni mimi mwenye nyumba, kwa kumbukumbu,

Mpiga Chapa Mstaafu

N.B. Barua hii ilikaa mezani kwa kukosa stempu, na katikati chuo kikafunga kwa likizo. Wanafunzi wamekwenda makwao. Siku ya kwanza nililala hadi jua likanikuta. Siku ya pili nilisoma gazeti lote, pamoja na matangazo ya zabuni. Siku ya tatu mke wangu alipika chai ya darasa zima kwa mazoea, tukakaa sisi wawili tukiitazama ile birika. Akaniuliza kama nakumbuka Pimamaji alikuwa anatoka kijiji gani. Nikasema sikumbuki. Tukaitazama tena.

Kwa hiyo naomba ombi (a) lisiharakishwe. Taratibu za serikali zina hekima yake. Ila nina ombi jipya, nalo ni la dharura. Nimepekua na nimegundua kwamba chuo hakina kozi ya useremala. Ni aibu kwa chuo chenye karakana kama hii. Naomba ianzishwe muhula unaoanza, na darasa liwe kubwa. Mlango wa mbele nimeshaung'oa.